Pikapu Moja, Mizigo Miwili: Hasara Iliyonifunza Kuchagua Shokomzoba na Springi

Trei saba. Ndizo nilizoshusha zimevunjika Jumapili ile sokoni Kibuye, mjini Kisumu, ute ukichuruzika kwenye bampa ya nyuma na mbwa wawili wameshafika kabla ya wateja. Trei moja ni mayai 30, na bei ya jumla siku hiyo ilikuwa shilingi 380. Mteja wangu wa siku nyingi alichungulia ndani ya gari, akatikisa kichwa: "Mama Mayai, hiyo barabara yenu inapata faida kunishinda mimi." Tulicheka pale. Usiku, nikipiga hesabu mezani, sikucheka.

Mimi hufuga kuku wa mayai upande wa Emuhaya, juu ya mji wa Luanda, huku magharibi mwa Kenya. Mayai yangu na ya majirani wanne huenda Kisumu mara tatu kwa wiki, trei 180 kila safari. Kila baada ya wiki mbili gari hilo hilo hupanda hadi Nakuru kuchukua chakula cha kuku, magunia 14 ya kilo 70, maana tukichanga na kununua huko kwa pamoja tunaokoa kuliko kuchukua gunia moja moja dukani hapa. Kwa hiyo pikapu yangu ni punda wa kazi mbili. Leo inabeba karibu tani nzima, kesho inabeba kitu kinachoweza kuvunjika ukikipigia chafya. Ningeutia akilini ukweli huo mapema, singekuwa na haya ya kusimulia.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux ya kebini moja, umbo lile la Vigo. Mbele lina springi za koili, na nyuma lina zile za vyuma bapa vilivyolaliana, ambavyo mafundi wetu huviita majani. Aliyeniuzia aliapa kwamba shokomzoba zake, vile vyuma vya kutuliza mrukoruko wa springi, ni zile zile zilizotoka nalo kiwandani. Nilidhani ananisifia gari. Lilikuwa limeshatembea kilomita 210,000.

Wa kwanza kulaumiwa alikuwa dereva, kama kawaida yetu. Nilimwambia aendeshe kama amebeba sufuria ya uji isiyo na kifuniko. Akaendesha hivyo, matatu zikimpigia honi nyuma kutoka Luanda mpaka Maseno, na bado mayai yakavunjika. Mwishowe kijana akachoka na maneno yangu. "Mama," akaniambia kwa adabu tu, "siku moja ukae nyuma na mayai, uone."

Nikakaa. Nilipanda nyuma, nikajibana kati ya trei na vyuma vya karia, tukashuka na ile barabara yetu ya murram. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Sisi Wanyore tumesifiwa tangu zamani kwa kuiita mvua, ila hatujapata mtaalamu wa kuifukuza barabarani. Gari lilipoingia shimo la kwanza, nilitega macho kwenye trei. Kishindo chenyewe hakikuvunja kitu. Kilichofuata ndicho kilichovunja: gari liliendelea kupanda na kushuka lenyewe, mara tatu, mara nne, hata baada ya shimo kubaki nyuma kabisa, na kila liliposhuka, trei za juu ziliinuka kidogo kisha zikatua juu ya wenzake. Yai lilivumilia pigo la kwanza. Lilikufa kwa pigo la tatu, mahali ambapo barabara ilikuwa tambarare.

Nilishuka pale Luanda nikiwa na vumbi kwenye nyusi na jibu mkononi, ila sikujua kuwa ni jibu. Maana nilipomsimulia shemeji yangu, ambaye aliwahi kuwa na lori la mchanga, alinikatiza kabla sijamaliza. "Springi zimechoka hizo. Ongeza majani mawili kila upande, gari lisimame." Aliyasema kwa uhakika wa mtu aliyezika lori mbili. Nami nikamwamini kwa sababu hiyo hiyo, badala ya kujiuliza kwa nini alizizika.

Jua kali mmoja alitufanyia kazi hiyo kwa nusu siku. Majani yalitolewa kwenye rundo la vyuma vya lori, yakakatwa kwa tindo, yakatobolewa katikati, yakapangwa chini ya yale ya zamani na kukazwa kwa yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zile zile zilizokuwa zimeshika kutu. Nililipa shilingi 7,000 kwa kila kitu. Gari liliinuka nyuma kiasi cha vidole vinne, likawa kama jogoo anayetaka kuwika.

Safari ya kwanza ilikuwa ya Nakuru, na hapo ndipo nilipodanganyika vizuri. Magunia 14 yalipakiwa na gari halikulala hata kidogo. Tulirudi kupitia Kericho tukiwa tumenyooka kama meza, nami nikampigia shemeji simu kumshukuru. Jumanne yake tukapakia mayai. Zikavunjika trei 11.

Naomba hapa nieleze polepole kwa sababu ndipo wengi wetu tunapotumbukia. Springi ngumu inahitaji uzito ili ijikunje. Trei 180 za mayai ni kama kilo 360 hivi, kwani trei moja hukaribia kilo mbili ikiwa na mayai yake. Uzito huo juu ya majani yaliyoumbwa kushikilia lori la mchanga ni kama inzi kwenye mgongo wa ng'ombe. Springi haikujikunja hata kidogo, na kila kokoto lilipanda moja kwa moja hadi kwenye trei. Na mahali ilipolazimika kujikunja, ilirudi kwa nguvu mara mbili ya zamani, huku shokomzoba za kuituliza zikiwa ni vile vizee vyangu vya kilomita 210,000.

Basi nikaenda kununua shokomzoba. Dukani yule kijana aliyekuwa nyuma ya kaunta aliniangalia, akaangalia nyuma yangu, akauliza, "Mama, mzee yuko nje? Mwite tuongee naye." Nikamwambia kitabu cha gari kina jina langu na pesa ziko kwenye simu yangu, kwa hiyo aongee na mimi. Hasira ile ilinigharimu. Ukiwa na hasira unataka kuonekana unajua, na anayetaka kuonekana anajua hauliziulizi. Alipotoa makasha yenye rangi za kampuni inayojulikana, akasema shilingi 2,800 kwa moja, nikalipia nne bila kugeuza kasha. Shilingi 11,200. Nilipoyatazama vizuri nyumbani, namba ya mbele na namba ya nyuma zilikuwa moja. Shokomzoba ya mbele ya gari hili hukaa ndani ya koili na ya nyuma husimama peke yake. Hazifanani hata kwa urefu. Namba ingekuwaje moja?

Fundi akazifunga hivyo hivyo. Tena nilimwona kwa macho yangu akiishika ile fimbo inayong'aa kwa koleo ili isizunguke anapokaza nati ya juu. Sikusema kitu, nilidhani ndivyo inavyofanywa. Leo najua kwamba fimbo ile haiguswi na chuma. Mkwaruzo mdogo tu ukipita kwenye sili, ule mpira unaozuia mafuta, kila mara gari linaporuka huikwangua kama msasa, na mafuta yanatoka. Ikibidi kuishika, kuna sehemu ya kushikia juu kabisa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, penye ncha bapa au tundu la ufunguo. Baada ya wiki mbili shokomzoba ya kulia mbele ilikuwa imelowa mafuta, vumbi limeganda juu yake kama mandazi kwenye sukari.

Za nyuma zilikufa kifo kingine. Kumbuka gari lilikuwa limeinuliwa vidole vinne, lakini shokomzoba niliyonunua ni ya urefu wa gari lisiloinuliwa. Kila gurudumu lilipoteremka shimoni, shokomzoba ilifika mwisho wake na kuvutwa, kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Ilivutwa hivyo kwa miezi miwili. Siku moja kijana alisikia mlio wa kengele nyuma, akainama, akakuta bolti ya juu imekatika na shokomzoba inaning'inia.

Hayo yote ni pesa, na pesa hutafutwa. Kilichonitisha ni kingine. Tulikuwa tunateremka kutoka Kericho kuelekea Awasi, tumebeba magunia 14, manyunyu, lami inateleza. Trekta la miwa lilikuwa mbele likienda mwendo wa kobe. Kijana alikanyaga breki mapema tu, hakuwa na kosa. Gari liliinamisha pua, nyuma halikushika chochote, tukateleza tumekaza macho hadi tukasimama karibu na miwa kiasi kwamba ningeweza kunyosha mkono nikakata kipande. Hatukusemezana hadi Ahero.

Safari iliyofuata ya Nakuru niliondoka siku moja mapema. Niliuliza kwa wenye magari ya viazi wanaoteremka kutoka Mau Narok na Molo, kwa sababu watu hao hubeba kweli kweli na barabara zao si za mchezo. Wawili kati ya watatu walinielekeza kwa fundi mmoja mzee. Huu ndio ushauri wangu wa kwanza ambao hauna gharama: usimwulize mwenye duka, wala shemeji. Mwulize mtu anayebeba mzigo kama wako kwenye barabara kama yako, na ambaye gari lake liko barabarani leo.

Yule mzee hakugusa gari kwanza. Aliniuliza, "Mama, unabeba kilo ngapi?"

"Magunia kumi na manne."

"Sijauliza magunia."

Akaninyamazisha hivyo. Kisha akainama, akapitisha kiganja kwenye shokomzoba zilizobaki, moja baada ya nyingine, taratibu, maana tulikuwa tumetoka kwenye barabara mbovu. Akaniita nami niguse. Mbili za mbele, ile iliyolowa na isiyolowa. Isiyolowa ilikuwa na joto. Iliyolowa ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. "Hii baridi ndiyo maiti," akasema. "Inayofanya kazi lazima ipate joto." Ndani ya shokomzoba kuna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, mrukoruko wa gari unageuzwa kuwa joto pale. Isiyopata joto haijageuza kitu, mrukoruko wote umebaki kwenye gari. Na kwenye mayai.

Kisha akasema maneno ambayo ningependa yaandikwe kwenye mlango wa kila duka la spea: "Springi hubeba. Shokomzoba haibebi hata kilo moja, kazi yake ni kuituliza springi." Gari likilala nyuma ukilipakia, hata ununue shokomzoba ya dhahabu halitainuka. Gari likirukaruka baada ya shimo, hata uongeze majani kumi halitatulia, litazidi. Mimi nilikuwa na ugonjwa wa pili nikatibiwa wa kwanza.

Kuhusu breki alinionyesha mkono mwembamba wa chuma unaotoka kwenye ekseli ya nyuma hadi kwenye kifaa kidogo chenye mabomba ya breki. Pikapu nyingi zinacho. Kifaa hicho hupima jinsi gari lilivyolala: likilala sana, kinajua kuna mzigo na kinaruhusu breki za nyuma zipate nguvu, likiinuka, kinajua gari ni tupu na kinazipunguzia ili magurudumu yasikwame. Majani ya lori yalilizuia gari kulala hata likiwa na tani. Kwa hiyo kifaa kiliamini tuko tupu, tukishuka Kericho na kilo 980 mgongoni. Hakuna aliyenidokezea hilo siku ninainuliwa gari, na nadhani hawakulijua. Yeyote anayekuinulia gari mwulize kuhusu mkono huo. Akikukodolea macho, ondoka.

Alitutuma kwenye mizani ya ghala moja la nafaka. Tulilipa shilingi 300. Tulipima gari tupu kwanza, magurudumu ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake, halafu baada ya kupakia tukarudia. Tupu lilikuwa kilo 1,640: mbele 930, nyuma 710. Likiwa na magunia 14 lilikuwa kilo 2,620: mbele 960, nyuma 1,660. Tazama hizo namba vizuri. Kati ya kilo 980 nilizopakia, mbele imepokea 30 tu. Karibu mzigo wote unakalia ekseli ya nyuma. Na lile karia la vyuma nilichomelewa Luanda ili kuzuia trei, pamoja na mbao za sakafu, lilikuwa limeongeza uzito ambao sijawahi kuuhesabu hata siku moja. Nilikuwa nimeshakula sehemu ya mzigo wangu kabla sijapakia gunia la kwanza.

Mzee alipiga hesabu kwa chaki kwenye mlango wa gereji. Tani moja, mara moja kwa wiki mbili. Kilo 360, mara tatu kwa wiki, na vinavyovunjika. Siku nyingine zote, tupu. "Wewe si mbeba tani," akaniambia. "Wewe ni mbeba mayai ambaye hubeba tani mara moja moja."

Hapo ndipo uchaguzi ulipokuwa rahisi. Springi za nyuma za kununuliwa huuzwa kwa uzito zinaotarajiwa kubeba kila siku: zipo za gari linalokaa karibu tupu, zipo za kilo 300 hivi za kudumu, zipo za 500 na zaidi. Neno la kutazama ni hilo, za kudumu. Mtu aliyefunga tangi la maji au sanduku la vifaa lisiloshuka garini, huyo achukue za 500. Mimi nilichukua za kati, zenye jani nene la chini lililonyooka, ambalo halishiki kazi mpaka zile za juu zilale vya kutosha. Mafundi huliita helpa. Nikiwa na mayai, majani ya juu hufanya kazi peke yake, laini. Nikiwa na magunia, lile la chini linaamka. Tena mzee alinisisitizia kwamba springi nene haibadilishi uzito ulioruhusiwa na waliotengeneza gari. Ekseli, breki na chesisi ni vile vile. Tangu siku hiyo ninapakia magunia 12.

Shokomzoba tulizijadili kwa muda mrefu zaidi. Kuna za mafuta matupu, rahisi na laini, lakini kwenye barabara yenye makunyanzi mafuta huchanganyika na hewa yakatoa povu, na povu halizuii kitu. Kuna zenye gesi ya naitrojeni inayoyabana mafuta yasitoe povu upesi. Kuna za bomba moja zenye gesi ya shinikizo kubwa, zinazopoa haraka, ila jiwe likiligonga bomba likabonyea, pistoni inakwama, na bei yake ni kali. Kuna zile nene kutoka Australia zenye sponji ndani badala ya gesi, ambazo wenye magari ya safari za mbali huzisifu. Nilizitamani hizo, nakiri. Mzee akanitazama: "Unaenda Turkana na mayai?" Nikachukua za gesi za kawaida za KYB, ambazo huku mafundi huziita Kayaba, za urefu wa gari lisiloinuliwa, kwa sababu majani ya lori yalikuwa yanatoka.

Safari hii niligeuza kasha. Nililinganisha namba na ile iliyo kwenye kitabu cha spea kwa mwaka wa gari langu, si kwa jina la gari tu, kwa sababu Hilux ni nyingi na ya magurudumu manne kuendesha si sawa na ya mawili. Nilisukuma fimbo ndani kwa mikono miwili: iliingia kwa ugumu ule ule mwanzo hadi mwisho, bila pengo, kisha ikarudi yenyewe polepole. Ile moja ya feki niliyobaki nayo nyumbani nilikuja kuijaribu baadaye kwa udadisi. Iliingia kama sindano ya daktari, kisha ikakaa huko huko.

Mbele tulipima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Upande mmoja ulikuwa chini kwa sentimita mbili. Koili zilikuwa zimechoka, basi nazo zikabadilishwa, zote mbili. Kitu chochote cha aina hii kinabadilishwa kulia na kushoto kwa pamoja. Ukibadilisha kimoja, gari linaweza kuvuta upande.

Sasa gharama, bila kuficha. Shokomzoba za mbele shilingi 7,500 kwa moja, za nyuma 6,000. Koili 6,500 kwa moja. Seti za majani ya nyuma 21,000 kila upande. Bushi za mpira, shako zinazoshika ncha za springi, na yubolti mpya, 6,800. Kazi ya fundi 6,000, na kunyosha magurudumu 2,000. Jumla 96,800. Sikuwa nazo. Nilikopa kwenye chama, nikalipa kwa miezi saba, na kuna mwezi mmoja niliuza kuku wa kula ili nisionekane uso mkavu mbele ya kina mama. Ongeza shilingi 37,200 nilizotupa mwanzoni: 7,000 za majani ya lori, 11,200 za shokomzoba za feki, na 19,000 za tairi mbili za mbele zilizolika mabonde mabonde kwa sababu gurudumu lilikuwa linarukaruka badala ya kukaa chini. Mayai sikuyahesabu. Niliogopa.

Nilikaa gerejini siku nzima kwenye debe, nikiangalia. Mzee hakushika fimbo hata mara moja kwa koleo. Koili alizibana kwa kifaa chake cha skrubu mbili, si kwa waya kama nilivyowahi kuona kwingine. Koili iliyobanwa ikiponyoka huua mtu, na kijana wake alimfukuza pale karibu mara mbili. Kila shokomzoba aliisimamisha wima akaipampu mara tano sita kabla ya kuifunga, ili hewa iliyoingia kwenye mafuta ikiwa imelazwa kasha itoke. Yubolti za zamani alizikata, hakutaka hata kuzisafisha, akasema zikishavutwa mara moja hazishiki tena vile.

Lakini jambo lililonishangaza ni la mwisho. Bolti zote za bushi alizifunga kwa mkono tu, nusunusu, gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Nikadhani amesahau. Akateremsha gari, akawaambia vijana wawili wakae nyuma, akalitikisa, ndipo akaingia chini na kukaza kwa nguvu. Bushi ni mpira. Ukiikaza gurudumu likining'inia, inashikwa ikiwa imepinda, na gari likikanyaga chini mpira unabaki umesokotwa siku zote mpaka unachanika. Nimewaona mafundi wengi wazuri wasiofanya hivyo, na baada ya miezi sita wanakuuzia bushi tena.

Alirekebisha ule mkono wa breki, akashusha taa za mbele, maana pua iliyoinuka huwamulika watu machoni, kisha akaniambia nirudi, au nitafute mtu, nikaze yubolti baada ya kilomita 500. Tulizikaza Luanda. Mbili zilikubali karibu robo mzunguko.

Nimebakisha aibu yangu kubwa. Kabla hajafanya lolote, mzee alikuwa ameomba kipimo cha upepo. Tairi za nyuma zilikuwa na presha ya 60. Kijana alizijaza hivyo kwa ajili ya magunia na hakuwahi kuzipunguza, nami sikuwahi kuuliza. Tulikuwa tunabeba mayai juu ya mawe. Siku hiyo nilirudi bila kubadilisha kitu, spea zilikuwa bado hazijafika, nikapunguza upepo tu kufuata kibandiko kilicho mlangoni. Safari ya Alhamisi trei zilizovunjika zilikuwa nne badala ya kumi. Bure. Anza hapo, tafadhali, kabla hujaingia duka lolote.

Safari ya kwanza baada ya kazi yote niliomba tena kukaa nyuma. Shimo lile lile, murram ile ile. Gari lilishuka, likapanda, likatulia. Mara moja tu. Trei hazikuinuka. Kibuye tulihesabu mayai matano yaliyopasuka, si trei, mayai, na matatu kati yake yalikuwa ya jirani mmoja ambaye kuku wake hutaga maganda membamba, nimemwambia awape chokaa. Bado kuna siku mbaya. Mvua kubwa ikipita, naweza kupoteza trei nzima. Kila mwezi kijana hupita chini na tochi akitafuta mafuta na mpira uliopasuka, na tukitoka Nakuru tukisimama Ahero kula samaki, mimi mwenyewe huinama nikagusa zote nne kwa kiganja. Watu hutuangalia.

Yale majani ya lori niliyarudisha nyumbani, sikutaka kumwachia mtu amwekee mwingine. Moja nilimpelekea mhunzi, akalifua likawa panga. Linakata majani ya ng'ombe vizuri ajabu, na shemeji alipokuja Krismasi aliliomba. Nikamwambia alinunue, 3,500.